Mfalme na Nyumbu Wake

Mtu wa Makunduchi, Unguja, humtishi kwa kumwambia mwaka mpya unaingia katikati ya mwaka. Kwetu Mwaka Kogwa ni Julai: wanaume wanachapana kwa migomba, banda la makuti linatiwa moto, basi, mwaka umeingia. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Granada, huko Hispania, aliponipigia simu niende Agosti tukaukaribishe mwaka kwa wakwe zake milimani, sikuuliza mengi. Niliuliza tu kama kutakuwa na wali.

Kijiji chenyewe ni Bérchules, kwenye Alpujarra, yale mabonde ya upande wa kusini wa Sierra Nevada. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1994 umeme ulikatika, sherehe ikavurugika, na wenyeji wakagoma kukubali kwamba mwaka umeingia. Wakauingiza upya Agosti. Wakanogewa. Mpaka leo, kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti, wanauingiza tena. Umeme kukatika mara moja, jamani! Sisi tukianza kufidia kila shughuli iliyokatiwa umeme, kazi tutafanya lini?

Shemeji yangu ni Mhispania mtaratibu, na Kiswahili chake chote ni neno moja: "shemeji". Analitumia kwa salamu, kwa shukrani, na kwa pole. Siku hiyo alilitumia sana kwa pole, kwa sababu barabara ya kupanda Alpujarra imejaa kona, na mimi tumbo langu ni la pwani.

Vijiji vya huko vimebandikwa ubavuni mwa mlima: nyumba nyeupe, paa bapa za udongo, dohani zimevishwa kofia. Dada akawa anafasiri maelezo ya mumewe, kwamba ujenzi ule na mifereji inayoteremsha maji mashambani ni urithi wa Waislamu waliokaa kule mpaka walipofukuzwa baada ya uasi wa 1568 hadi 1571. "Anasema hii ni kazi ya mababu zetu," dada akamalizia. Nikamwambia amjibu kwamba mababu zangu mimi wakati huo walikuwa Makunduchi wanachokoa pweza, na hakuna aliyewaarifu.

Pampaneira tulisimama kwa makusudi. Kuna chemchemi pale uwanjani, na ukutani pameandikwa kwamba kapera akinywa maji yake kwa nia ya ndoa, mchumba anapatikana papo hapo. Dada, ambaye amechoka kuulizwa na mama habari za ndoa yangu, alinishika kisogo kama anayemnywesha mtoto dawa. Nikanywa. Maji baridi, mpaka meno yakapiga kelele. Nikatazama kulia na kushoto: kibibi mmoja anauza mazulia, na paka.

Trevélez tulikula. Sitasema mengi juu ya Trevélez. Ni mji unaosifika Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa upepo wa mlimani, na mkahawani yamening'inizwa darini, kila paja limefungiwa kikombe kidogo cha kukinga mafuta. Nikachagua kiti kwa hesabu kali. Halafu mkoa wa Granada una desturi ya ukarimu: ukiagiza kinywaji unaletewa na kitafunio cha bure. Nikaagiza soda, kikaja kipande cha paja. Nikakirudisha kwa adabu. Mwenye mkahawa akadhani nimekiona kidogo, akaleta sahani.

Bérchules tulifika alasiri, jua linachoma, na watu wamevaa kofia za Krismasi. Mama mkwe wa dada alinipokea kwa mabusu mawili na biskuti za mafuta, akanitakia heri ya mwaka mpya. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu wa watu, nikaeleza kwamba hata kwetu mwaka huingia katikati ya mwaka, tena kwa kuchapana migomba. Dada akafasiri. Chumba kikanyamaza. Kisha vijana wa mtaa wakaanza kunong'onezana, na mmoja akaniangalia toka utosini hadi kwenye kandambili, kwa jicho la fundi anayepima kanzu.

Kumbe walikuwa na maandamano yao madogo ya Wafalme Watatu, wale ambao Hispania nzima huwaletea watoto zawadi Januari. Wa tatu anaitwa Baltasar, na ndiye mweusi. Kijana wa kazi hiyo mwaka wa jana alipakwa masizi, na alisema yalimganda shingoni mpaka akachukiwa na mito ya kulalia ya kwao. Huyo ndiye aliyeshangilia kuliko wote aliponiona. Alinikumbatia. Alinishukuru. Kabla sijasema kitu nilikuwa nimeshavikwa joho la pazia la mahameli na kilemba chenye kito cha plastiki. Mama mkwe akanitia mfukoni zabibu kumi na mbili alizozifunga kwenye karatasi ya alumini: saa sita usiku kengele ya kanisa hupiga mara kumi na mbili, na kwa kila pigo unameza moja, ndiyo bahati ya mwaka.

"Shemeji!" akasema shemeji. Safari hii sikujua ni pongezi au ni tanzia.

Wafalme wenzangu wawili walipewa punda. Mimi, kwa heshima ya mgeni, nikapewa nyumbu jike mrefu (chotara wa punda na farasi, si yule wa Serengeti) wa mzee mmoja mwenye shamba la miti ya chestinati chini ya kijiji. Mzee aliniambia jambo refu kwa sauti nzito akinionyesha masikio ya mnyama. Dada akafasiri: "Anasema ni mpole sana." Yale maneno yalikuwa marefu kuliko hayo, na dada bado hajanieleza mengine.

Tukaanza kuelekea uwanjani saa sita ikikaribia. Watoto wananipigia kelele, "Baltasar! Baltasar!" nami natupa peremende kwa madaha. Nakiri nilikuwa nimeshaanza kuupenda ufalme. Mara fataki ya kwanza ikapasuka nyuma ya kanisa. Punda hawakujali. Nyumbu wangu aligeuka palepale na kwenda zake kwao.

Hakukimbia. Afadhali angekimbia, watu wangejua nina shida. Alikwenda kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu, na njia nzima wananchi wananipungia mkono wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nilivuta hatamu. Nilimsemesha Kiswahili, Kiarabu cha madrasa, na Kihispania changu chote, ambacho ni "asante". Nyumba zikaisha, taa zikaisha, tukawa gizani kwenye kijia cha mawe, mimi na yeye tu. Ndipo nikayakumbuka yale maji ya Pampaneira. Nia niliweka sawa, wallahi, ila sikutaja wa aina gani.

Tulipofika kwenye mfereji akainamisha shingo anywe, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeikumbatia hiyo shingo, nikateremka nayo. Maji yalinifika kiunoni, joho likanywa yaliyobaki. Na huko juu kengele ikaanza: ngo!

Nilisaka mfuko. Zabibu zilikuwa zimepondeka zimekuwa uji, huwezi kujua ya Januari ni ipi. Nikaumimina kinywani wote kwa pigo la tatu na kuukohoa kwa pigo la sita. Nyumbu alimaliza kunywa, akanitazama, akaingia bandani kwake.

Walinikuta hapo na tochi. Shemeji alisema neno lake. Mzee mwenye nyumbu alinipita kama hanioni, akaenda kwanza kumkagua mnyama miguu.

Asubuhi nilikwenda na dada kununua mkate. Mtoto wa miaka sita hivi akanizuia mlangoni mwa duka, mikono kiunoni, akatoa malalamiko marefu. Dada akafasiri: Januari nilimletea baiskeli ya kijani na yeye aliandika nyekundu.

Nikamwambia mizigo yote huwa anashughulikia nyumbu, na banda lake liko kule chini.