Mteja wa Kigoma Si Mteja wa Supamaketi

Wafanyabiashara wadogo wa Kigoma wanaishi na misemo miwili inayogombana. Mmoja wameurithi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine wameusikia redioni hadi ukawa wao: biashara ni matangazo. Semina za ujasiriamali siku hizi zimeegemea msemo wa pili, na somo linalopendwa humo ni saikolojia ya mteja, yaani akili ya mnunuzi inavyoamua, na muuzaji afanye nini ili iamue kwa faida yake. Wapo wanaoliona somo hili kuwa mkombozi wa duka dogo. Wapo wanaoliona kuwa utapeli uliovaa tai.

Wanaolitetea wana hoja nzito, na hawana haja ya kwenda mbali kuitafuta. Iko mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ambako dagaa hushushwa na kuanikwa. Dagaa wa Kigoma ana jina nchi nzima. Mtu wa Dar es Salaam au Dodoma akisifia dagaa, mara nyingi ni huyu anayemsifia. Kama kizuri kingejiuza kweli, mama anayeanika pale ufukweni angekuwa amejenga ghorofa. Badala yake anauza kwa gunia, mchuuzi anasafirisha, na huko mbele mtu mwingine anawachambua dagaa wale wale, anawatia kwenye mfuko unaoonyesha ndani, anabandika lebo, kisha anauza nusu kilo kwa bei ambayo mama wa Kibirizi akitajiwa atauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Samaki hajabadilika. Mfuko na lebo vimemwondolea mnunuzi hofu. Mnunuzi wa mbali anaogopa mchanga, na anaogopa kuuziwa dagaa wa Ziwa Victoria kwa jina la Kigoma.

Hofu hiyo imefanyiwa utafiti. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu anaumizwa zaidi na kupoteza kuliko anavyofurahishwa na kupata kiasi hicho hicho. Mama wa nyumbani mwenye elfu tano mkononi haoni kwanza mboga tamu. Anaiona elfu tano yake ikiishia kwenye mchanga unaolia menoni mbele ya wageni. Muuzaji anayelijua hili hapotezi muda kusifia utamu. Anasema dagaa wake wameanikwa kwenye vichanja, si chini. Anakupa mmoja utafune. Anakwambia ukikuta mchanga rudisha. Sasa angalia maduka mangapi yamebandika ukutani au kuchapa kwenye risiti: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Mwenye duka anadhani anajilinda. Mteja anasoma kwamba hasara yoyote itakayotokea ni yake peke yake, na anaisoma kabla hajafungua pochi. Kwa kosa hilo moja tu, mimi nakubali somo hili lifundishwe.

Lakini wanaolipinga nao hawasemi ovyo. Chukua nyongeza, mbinu ambayo bibi zetu waliitumia kabla ya chuo chochote kuipa jina. Ukipimiwa sado ya dagaa, kisha muuzaji akachota konzi moja na kuimwaga juu, unaondoka ukiwa na deni la moyoni. Wiki ijayo miguu inakupeleka kwake. Angekupunguzia bei kwa thamani ya konzi ile, ungesahau kabla hujafika stendi. Kwa hiyo nyongeza inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri kuliko punguzo.

Tatizo ni kopo. Sote tumeyaona makopo yaliyobonyezwa kitako, au yaliyojazwa kitu chini, yakapungua ujazo bila kupungua urefu. Muuzaji wa namna hiyo anakupunja kwanza, kisha anakurudishia sehemu ya haki yako huku akitabasamu, nawe unamshukuru. Kisaikolojia mbinu ni ile ile na shukrani ni ile ile. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo unahimiza mizani, na ndiyo maana wateja wengine siku hizi wakiona konzi imekuwa nene mno wanaanza kulikagua kopo. Mbinu nzuri ikitumiwa na wezi wachache inaharibika mikononi mwa wote.

Kuna pingamizi jingine ambalo watoa semina hawapendi kuligusa: utafiti mwingi wanaoutaja ulifanyika mahali ambapo bei imebandikwa na muuzaji hamjui mnunuzi. Mfano unaorudiwa sana ni ule wa jamu. Mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye duka la vyakula huko California. Meza yenye aina 24 za jamu ilivutia watu wengi, ila waliosimama hapo walionunua walikuwa kama asilimia 3 tu. Kwenye meza ya aina 6, karibu asilimia 30. Somo likatoka: punguza bidhaa, mteja asichanganyikiwe. Kinachosahauliwa ni kwamba mwaka 2010 watafiti wengine walijumlisha matokeo ya majaribio 50 ya aina hiyo na wakakuta kwamba, kwa wastani, athari ya wingi wa chaguo iko karibu na sifuri. Mahali pengine wingi unakimbiza wateja, pengine unawavuta.

Ingia kwenye duka la vitenge sokoni Mwanga ndipo utajua uko upande gani. Vitenge vimepangwa hadi darini. Mteja anataka kile cha juu kishushwe, kikunjuliwe, kiwekwe pembeni, kishushwe kingine. Anamuuliza rafiki yake, anamuuliza na mama mwingine asiyemjua aliyeingia kununua vitu vyake. Kule kukunjua ndiyo raha yenyewe ya kununua kitenge. Mwambie mwenye duka abakize doti sita mezani kwa sababu ya jamu za Marekani, na mwisho wa mwezi atakutafuta.

Bei za tisa, zile zinazowekwa pungufu kidogo ya namba kamili, nazo haziendi mbali hapa. Eric Anderson na Duncan Simester walionyesha mwaka 2003, kwa nguo zilizouzwa kwa katalogi Marekani, kwamba gauni la dola 39 liliuzika kuliko lilipowekewa dola 34 au 44. Ni kweli, na inashangaza. Ila bandika 9,900 dukani Ujiji, kisha umtafutie mteja mia yake ya chenji. Hakuna. Utampa pipi. Mteja aliyepewa pipi badala ya hela yake hakumbuki kwamba bei ilianza na tisa.

Bei ya kuanzia ndiyo mada ngumu zaidi, na hapa sina jibu la upande mmoja. Tversky na Kahneman, mwaka 1974, walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliotokewa na 10 walikisia, kwa makadirio ya katikati, asilimia 25. Waliotokewa na 65 walikisia 45. Namba isiyohusika kabisa iliwavuta kuelekea kwake. Muuza kitenge hahitaji gurudumu. “Elfu thelathini dada, sema unayo ngapi.” Ukishaisikia thelathini, ishirini na mbili inaonekana kama zawadi.

Je, huo ni udanganyifu? Kwa mwenyeji, hapana. Anajua mchezo, naye anaanzia kumi na tano, anaondoka hatua mbili, anaitwa. Wote wawili wanajua kwamba thelathini haikuwa bei. Lakini mgeni aliyeshuka kwenye treni jana, au kijana anayemnunulia mama yake kitenge kwa mara ya kwanza, anailipa ile thelathini kama ilivyo. Siku akigundua jirani yake kanunua kwa kumi na nane, duka limempoteza yeye na wote atakaowasimulia. Kuna wauzaji wanaotaja bei moja na kuishikilia, na wengine wanawaona wakavu. Nadhani wana akili kuliko wanavyosifiwa, hasa kwa wateja waajiriwa wanaopita jioni wakiwa na haraka. Ila kwa mteja wa kitenge cha harusi, bei isiyoshuka hata mia tano ni kama salamu isiyoitikiwa. Muuzaji anayejua nani ni nani, anayemsalimia mama wa Kasulu kwa Kiha, “mwakeye”, kabla ya kutaja bei, anafanya kazi ambayo hakuna bango litaifanya.

Hoja zote hizi zinaishia kwenye swali moja, la kama mteja huyu atarudi. Stendi kuna watu wanaoketi kwenye gari wakijifanya abiria, ili gari lionekane limekaribia kujaa. Likijaa kweli, wanashuka. Hiyo ni saikolojia ya kiwango cha juu: mtu hupanda palipo na watu. Inaendelea miaka yote kwa sababu msafiri amebanwa, na kesho atabanwa na gari jingine lenye wapiga debe wale wale. Muuza dagaa wa Mwanga hana bahati hiyo. Mteja wake anapita tena Jumamosi, na pembeni yake kuna wauzaji kumi wenye dagaa kama wake.

Simu imeugeuza mlinganyo huu, na ndipo wasiwasi wangu ulipo. Muuzaji wa WhatsApp anaweza kumpata mteja wa Arusha ambaye hatamwona maishani. Hapo ndipo inapoandikwa “zimebaki mbili tu”, wiki ya tatu mfululizo. Hapo ndipo “bei njoo inbox” inapozaliwa, ili kila mmoja atajiwe bei kulingana na picha yake ya wasifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, lakini nani atafungua shauri kwa ajili ya mfuko wa dagaa?

Cha ajabu ni kwamba Kigoma ina uhaba wa kweli, usiohitaji kutungwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, na mzigo unapungua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Muuzaji anayemwandikia mteja wake wa Arusha, “Mama, wiki ijayo ni mbalamwezi, kama unahitaji chukua sasa,” anatumia mbinu ile ile ya uhaba, na mteja akitazama juu usiku anaona ushahidi. Baada ya miezi mitatu amejifunza kwamba huyu akisema kimepungua, kimepungua. Kwangu hiyo ina thamani kuliko lebo, ingawa lebo nayo, na barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya kuanzia safari ya nembo ya ubora ya TBS, visiachwe.

Kwa hiyo ningependa watoa semina wabadilishe kipimo. Wanahesabu mauzo ya siku ya ofa. Wahesabu waliorudi. Daftari la kawaida linatosha: alama kwa kila sura unayoifahamu, majuma kadhaa ukitoa nyongeza, majuma kadhaa bila nyongeza, kisha ulinganishe. Kwa muuza dagaa kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya California havitamwambia: alinganishe giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi. Vinginevyo ataisifia nyongeza kwa wateja walioletwa na ziwa.