Somo la video: nani anafanya kazi, mwalimu au mwanafunzi?

Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vingepitwa na wakati shuleni na nafasi yake kuchukuliwa na filamu. Vitabu bado vipo. Wanaozibeza video na podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, hupenda kuukumbushia utabiri huo, lakini mwanafunzi wa enzi zile hakuweza kuisimamisha filamu na kuirudisha nyuma. Wa leo anaweza.

Uwezo huo si mdogo. Salman Khan, mwanzilishi wa tovuti ya masomo ya Khan Academy, alianza kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali mwaka 2004, na miaka miwili baadaye akaanza kuweka masomo YouTube. Binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Inaeleweka: video haichoki, haigunii, wala haimuumbui anayetaka kusikia jambo lile lile mara ya tano.

Tatizo ni kwamba kufuatilia somo hadi mwisho huleta raha inayofanana mno na kuelewa. Chukua mlinganyo x² − 5x + 6 = 0. Kwenye video mwalimu anatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa −5. Anapata −2 na −3, mtazamaji anatikisa kichwa kukubali. Mpe sasa x² + x − 6 = 0, tena bila video. Wengi hukwama kwenye alama za + na −, kwa sababu uamuzi wa alama ulifanywa na mwalimu, wao wakiwa watazamaji tu.

Kwa podikasti ushahidi unavutana. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo walipewa makala ile ile, wengine waisome, wengine waisikilize. Kwenye jaribio, wasomaji walipata wastani wa asilimia 81, wasikilizaji 59. Ila mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake hawakuona tofauti ya maana kati ya watu wazima waliosoma sura za kitabu cha masimulizi na waliozisikiliza.

Sioni kama matokeo hayo yanapingana. Hadithi hujibeba yenyewe. Tukio moja linavuta jingine. Makala ya kitaaluma hulilazimisha jicho kurudi mstari wa juu, na sikio halirudi kirahisi, hasa la mtu anayeosha vyombo huku akisikiliza. Kwa hiyo historia, matamshi ya lugha za kigeni na mahojiano nayaachia podikasti bila wasiwasi. Kanuni za kemia, hapana.

Kuna hoja ya gharama pia, ambayo wapenzi wa video huipita haraka. Kipindi cha sauti cha nusu saa, kikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hakifiki megabaiti 15. Video ya muda huo huweza kuzidi mara kumi. Anayehesabu kila megabaiti atachagua sauti hata pale ambapo picha ingemfaa zaidi.

Mwalimu anayetaka kutumia video asianze na kamera. Aandike kwanza swali ambalo mwanafunzi atalijibu kwa kalamu kabla ya kuendelea kutazama, kisha ndipo arekodi, na kila kipande kiishie kwenye swali lake. Kama hakuna pa kuweka swali, huenda kurasa mbili zilizoandikwa vizuri zingetosha.