Ng'wandu si maneno mawili

Juzi pale Mwaloni Kirumba mama mmoja muuza dagaa alinionyesha meseji ya marejesho ya mkopo: "Ndugu Ng, unakumbushwa kulipa." Anaitwa Ng'wandu. Akaniuliza kama hao ni matapeli. Nilikasirika, maana kilichotokea kilionekana wazi: kuna mwandika programu alitakiwa achomoe neno la kwanza kwenye stringi (mfuatano wa herufi) ya jina, akaandika \w+, akafunga kazi.

Hiyo ni rejeksi, yaani kiolezo cha kutafutia maandishi: \w inapokea herufi, tarakimu na mstari wa chini, na + maana yake ni moja au zaidi. Ritifaa, yaani kile kialama ('), haimo, kwa hiyo rejeksi ikiikuta inahesabu kuwa neno limeisha. Kwenye lugha ya programu ya Python, re.findall(r"\w+", "ng'ombe") inakurudishia vipande viwili, "ng" na "ombe". Ukitumia title(), inayoweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, unapata "Ng'Ombe", na maelezo rasmi ya Python yenyewe yanatahadharisha kuhusu ritifaa.

Sasa leta msimbo huo huku Usukumani, ambako ng' iko kwenye majina ya watu, kwenye kata kama Ng'haya kule Magu, na kwenye kila mazungumzo ya mnadani. Kwetu ng' ni sauti moja. Ukikata hapo umepasua sauti katikati, na kinachobaki hakuna anayeitwa hivyo. Jina lililokatwa halilingani na lile la kitambulisho, mwenye jina akitafutwa kwenye orodha haonekani, na mwisho ni yeye anayesimama dirishani kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Jina ulipewa na wazazi, mara nyingi ni la babu au bibi. Mtu aliyelibeba maisha yake yote hastahili kuitwa "Ng" na mashine anayoilipa riba.

Haya, split() tupu, amri nyingine ya Python, hukata kwenye nafasi na kumwacha Ng'wandu mzima, hilo nalikubali. Ila mpe "sato, sangara" uone: neno la kwanza linatoka na mkato wake. Ndiyo maana watu hukimbilia \w+.

Dawa ipo, na ni fupi: r"\w+(?:['’]\w+)*", yaani neno linaloruhusiwa kuwa na ritifaa katikati. Ritifaa nimeweka mbili kwa makusudi. Baadhi ya simu huandika ile iliyopinda, ambayo namba yake ya kompyuta ni U+2019, na kwa kompyuta hiyo si sawa na ile iliyonyooka, U+0027. Ukiisahau moja, baadhi ya majina yatakatika tena. Kanuni za Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, za mipaka ya maneno nazo hazikati kwenye ritifaa iliyo kati ya herufi mbili, na Intl.Segmenter, zana ya kukata maneno ya lugha ya JavaScript, inazifuata. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema zana hazipo.

Ninyi mnaofundisha vijana programu hapa Mwanza, zoezi la kukata maneno lisianze na "Hello World", ule mfano wa Kiingereza wa kila anayeanza. Wapeni orodha ya mahudhurio ya darasa lao, na asipite mtu mpaka kila jina litoke zima.