Shimo la samadi juu ya jiwe la chokaa

Tanga ni mkoa wa maziwa, na ng'ombe wengi wa kisasa hufugwa bandani. Mwenye ng'ombe wawili watatu hana tatizo. Samadi yake inazolewa kwa koleo hadi kwenye migomba. Ubishi ni juu ya mwenye makumi, anayeosha banda kwa mpira wa maji kila asubuhi hadi shimo la nyuma limekuwa bwawa. Je, alazimishwe kulitandika plastiki nzito au zege, visima vya majirani visichafuke?

Wafugaji wanaokataa wana hoja ya maana. Wanasema samadi hujiziba yenyewe, na ni kweli: chembe laini na utando wa bakteria huziba vitundu vya udongo, uvujaji ukapungua sana. Hata Marekani, jimbo la Iowa linakubali bwawa la udongo mtupu, mradi lisivuje zaidi ya inchi 1/16 kwa siku. (Kwa bwawa la mita 20 kwa 50 hiyo ni kama lita 1,600, yaani mapipa manane kila siku, kwa ruhusa.)

Ila hoja hiyo inataka udongo uwepo. Hapa Tanga, eneo la Pongwe, jiwe la chokaa linachimbwa kutengenezea saruji, na Mapango ya Amboni, kaskazini tu ya jiji la Tanga, yanaonyesha maji hulifanya nini jiwe hilo: hulila, yakajitobolea njia. Utando wa samadi unaweza kuziba tundu la mchanga, hauwezi kuziba ufa wa kuingiza mkono.

Kisha kuna kiangazi, ambacho watetezi wa utando hawakitaji. Bwawa likikombwa Januari, sakafu inakauka na kupasuka. Amonia iliyonaswa kwenye udongo inapata hewa, inageuka nitreti, aina ya nitrojeni inayoyeyuka kwa urahisi majini, na masika inaishusha chini. Nitreti haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji kunaikoleza badala ya kuiondoa. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwenye bwawa la maji au ufukweni. Kwa mto Zigi, unaolisha bwawa la Mabayani na mabomba ya jiji, ni kinga ya maana. Kwa kisima kilichochimbwa kwenye jiwe lenye nyufa, mita hizo 60 hazinitulizi.

Kwangu mimi ardhi ndiyo iamue, si idadi ya ng'ombe. Lichimbwe kwanza shimo la majaribio, lishuke chini ya pale sakafu itakapokaa. Ukikutwa mfinyanzi wa kutosha, ushindiliwe, mfugaji asibebeshwe gharama ya plastiki wakati bei ya maziwa hapangi yeye. Likikutwa jiwe, hapo ni plastiki au bwawa lihamishwe. Kote kuwili, banda likwanguliwe kwa koleo kabla ya kufungua maji: haigharimu kitu, na bwawa linapungua. Visima vya upande wa mteremko vipimwe kabla na baada ya masika, na majibu wapewe majirani pia, si mfugaji peke yake.