Nilikutwa na Saa Sita, Saa Tatu Asubuhi

Baba yangu hana shida ya kujua ni saa ngapi. Kastaafu zamani, yuko kwake Tukuyu na migomba yake, majogoo anao, na redio ya jirani inasikika mpaka barabarani. Lakini tangu aliponikabidhi saa yake ya mkono, Omega, kila nikimpa shikamoo hanijibu marahaba. Ananijibu, "Saa ngapi?" Haulizi muda. Anajulia hali mgonjwa.

Saa yenyewe ni Seamaster, jina ambalo Omega wanalitumia tangu 1948. Uso wake zamani ulikuwa mweupe, sasa umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Baba alikuwa gadi wa treni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na huko Kapiri Mposhi ndiko alikoinunua mwaka 1983 kwa Mzambia mmoja, kwa mishahara ya miezi minne na redio yetu juu. Mama redio ile anaililia mpaka leo. Baba hajutii. Ng'ombe akilala relini Makambako, wenzake waliandika kwamba ng'ombe kalala. Baba aliandika kalala dakika kumi na saba.

Yule Mzambia alimwambia pia kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza saa aliyovaa Buzz Aldrin alipotembea mwezini Julai 1969. Tangu hapo habari hiyo haijapata mapumziko nyumbani kwetu. Nimemweleza mara nyingi kwamba ile ya mwezini ilikuwa Speedmaster, siyo Seamaster. Anasema ukoo ni mmoja.

Sasa, mwaka parachichi zangu zilipolipa vizuri, nikaanza kuangalia video za wakusanyaji wa saa. Usiku, mke kalala, mimi niko chini ya blanketi naangalia Mjerumani akifungua droo. Droo imejaa saa. Ya kazini, ya kuogelea, ya harusini, ya msibani. Nikatazama mkono wangu nikajionea huruma.

Asubuhi nikamwambia mke wangu kwamba mwanaume mwenye saa moja ni sawa na mwanaume mwenye suruali moja.

"Baba Neema," akasema, "unazo suruali nne, na mbili hazina zipu."

Sikuangalia nyuma. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimenunua tano, zote za otomatiki, maana video zilinifundisha kuzidharau za betri. Seiko 5 mbili, aina ambayo Wajapani walianza kuitoa 1963 na ukiijua kuitafuta huikosi kwenye mitumba. Orient moja. Citizen moja. Na moja niliyoitoa Tunduma, imeandikwa Rolex, ambayo mimi na muuzaji tulielewana kwa macho. Rolex ya kweli niliyowahi kuimudu ni ile ya Kampala, ya chapati na mayai.

Nilikuwa nazipeleka kwa fundi saa mmoja Mwanjelwa, Mbeya, mzee anayekaa barazani na kioo chake jichoni. Alizifungua moja moja akanionyesha: nyuma mna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi, mkono ukicheza kinazunguka, kikizunguka kinajaza springi. Ukiivua, nyingi zinajikongoja kama siku moja na nusu hivi, kisha zinasimama.

"Hizi ni sawa na ng'ombe wa maziwa," akaniambia. "Mmoja utammudu mwenyewe. Sita, ajiri mtu."

Nikamwuliza yeye anavaa ipi. Akapandisha mkono wa sweta: Casio F-91W, ile ya plastiki, iliyotoka 1989 na haijabadilika. "Hii haikosei hata dakika moja kwa mwezi," akasema. "Zako zitakosea sekunde kadhaa kila siku. Ndiyo maana nakula."

Ningesikia hapo, yaliyofuata yasingenikuta.

Hesabu ilikuwa ya darasa la nne: saa sita, mkono mmoja. Kila saa niliyoitoa kwenye droo ilikuwa imekufa tangu juzi. Niifufue, niirekebishe, niweke tarehe, niweke siku. Na ukiifufua bila kuangalia kama ni mchana au usiku, inabadili tarehe saa sita mchana. Seiko yangu moja ilikuwa ikiingia Jumapili wakati watu Jumamosi wako kwenye ugali. Omega ya baba nayo nikaiingiza kwenye zamu kama wenzake, siku yake Jumanne.

Wakusanyaji wa Ulaya wana kisanduku cha umeme kinachozizungusha saa zikiwa zimelala. Nilipoona bei yake nikakumbuka nina baiskeli. Nikaipindua sebuleni, nikazifunga saa kwenye spoku, na Neema akawa anazungusha pedeli kwa shilingi 500 kila jioni. Jioni ya tatu alitaka kumaliza mapema akaenda kuangalia katuni, akazungusha kwa nguvu zote, Citizen ikachomoka ikapita mlangoni ikaingia kwenye sufuria ya maharage. Mke wangu hakusema neno. Alipakua tu. Ikaja kwenye sahani yangu.

Basi ikafika Jumamosi ya mahari ya mdogo wangu wa kike. Wakwe walikuwa wanaingia kwa baba saa tano, na mimi kaka mkubwa nilitakiwa niwe nimeshafika saa nne. Ijumaa usiku nafungua droo: nne zimekufa. Nikawaza, siku kama ya kesho nivae ipi? Ya harusini? Lakini wazee wakija nitataka wanione na Omega. Na vijana wa upande wa pili je, wasiione Rolex? Ndipo likanijia wazo ambalo mpaka sasa mke wangu huwasimulia wageni: nizivae zote. Zitajijaza njiani, nikifika Tukuyu nachagua.

Nikazipanga mkono wa kushoto kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, Omega juu kabisa kwa heshima. Juu yake sweta, juu ya sweta koti kubwa. Mwezi wa saba Uyole, koti halimshangazi mtu. Asiye na koti ndiye anayetiliwa shaka. Simu yangu ilikuwa haina chaji. Sikujali. Mtu mwenye saa sita simu ya nini?

Kosta ilijaa, nikasimama. Kwa kuwa nilitaka saa zijijaze, nilikuwa natikisa ule mkono taratibu, namna ya mtu anayepika uji. Mama mmoja aliyekaa na ndoo ya viazi miguuni akaniangalia, akasogeza pochi yake. Tukapita Isyonje, ukungu mpaka madirishani. Tukaanza kushuka kuelekea Kiwira, dereva akakata kona, nami nikarusha mkono juu kudaka bomba.

Koti likateleza. Sweta nalo likateleza.

Kosta nzima ikanyamaza. Yule mama akahesabu kwa sauti, kama anahesabu mayai: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Jamani. Tano..."

"Sita," nikamsaidia. Sijui kwa nini nilimsaidia.

Hapo hapo abiria wote wakajipapasa mikono. Kijana mmoja wa nyuma akapiga kelele kwamba yake haipo, kumbe hajawahi kuwa nayo, alijisahau tu kwa kuchangamka. Konda akafunga mlango akasema gari haliendi mjini, linaenda ofisini. Nikajieleza kwamba mimi ni mkusanyaji. Lilikuwa neno baya kuliko yote niliyoweza kulichagua. "Sikieni," mtu akasema, "anakiri. Anakusanya."

Tulishushwa kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji. Namshukuru Mungu kwamba mtendaji alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, na hapendi kelele. Akawanyamazisha wote, akamwambia konda aeleze.

"Mama, huyu tumemkuta na saa sita."

"Saa sita ya usiku?"

"Hapana mama, ya leo. Sasa hivi."

"Sasa hivi ni saa tatu."

"Ndiyo mama. Saa tatu tumemkuta na saa sita."

"Saa tatu au saa sita? Mnanichezea asubuhi yote hii?"

Nikaona nimsaidie, nikapandisha mkono wa koti. Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni zako?"

"Zangu zote, mama."

"Nieleze moja moja."

Hapo kidogo nilifarijika, maana hayo ndiyo masomo yangu. Nikaanza na kiganjani, nikaeleza Seiko 5, nikaeleza nusu mwezi unaozunguka na springi, na jinsi Wajapani hao hao walivyoleta Astron Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkono ya kwazi, yaani quartz, kuuzwa madukani, ikawatia Waswisi homa ya miaka. Abiria wakasogea. Yule mama wa viazi akauliza kama ya kwazi nayo inatikiswa. Nikamwambia hapana, ile ni betri. Kijana aliyeibiwa saa asiyokuwa nayo akaniuliza bei. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Mtendaji akainama kwenye Seiko ya pili. "Hapa pameandikwa nini?"

"Mie," nikasoma.

"Wewe nani?"

"Siyo mimi, mama. Saa ndiyo imeandikwa MIE."

"Yaani umeandika 'mie' kwenye saa ili tuamini ni yako?"

Ofisi ilicheka mpaka mgambo akaegemea ukuta. Nikajitahidi kueleza kwamba ni Kihispania, kifupi cha Jumatano, kwamba saa hizi nyingine zilitengenezwa kuuzwa kwa Wahispania. "Lakini leo Jumamosi," akasema. Nikasema naam. "Kwa hiyo ni Kihispania, na hata Kihispania chenyewe ni cha uongo." Nikasema naam.

Akafunga daftari lake. "Kijana, nakuuliza swali jepesi, ukijibu unakwenda zako. Saa ngapi?"

Nikautazama mkono wangu. Seiko ya kwanza: saa tatu na dakika tano. MIE: saa tatu na dakika ishirini na mbili. Orient: saa tatu na robo. Citizen, ambayo tangu yale maharage haikuwa na akili zake, ilikuwa imesimama saa moja kasoro. Rolex ilisema saa nane, na ilikuwa inakimbia. Nilikaa kimya nikitafuta wastani.

"Ana saa sita na hajui saa," mama wa viazi akasema polepole, kwa huzuni ya kweli.

Mtendaji akaniomba namba ya mzazi. Ya baba naijua kwa kichwa. Akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie, akajitambulisha kwa adabu zote, akaeleza kuna kijana hapa anasema ni mwanao.

"Ndiyo, ninaye wa namna hiyo," baba akasema. "Mwulize saa ngapi."

Ofisi ikalipuka upya. Nikasogea kwenye simu. "Shikamoo baba. Ni mimi. Kuna mkanganyiko kidogo."

"Saa ngapi?"

"Baba, zinatofautiana..."

"Zipi hizo? Angalia ya kwangu."

Nikavuta sweta mpaka kwenye kiwiko. Omega ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Nikaiweka sikioni. Kimya. Kile kidude cha pembeni cha kutilia ufunguo kilikuwa kimenaswa na uzi wa sweta, kikavutika nje.

"Baba... imesimama."

Kimya kikapita upande wa pili, kirefu, nikasikia mpaka kuku wake.

"Mama mtendaji," baba akasema, "huyo simjui."

Akakata.

Ilibidi apigiwe mara mbili tena. Mara ya tatu alipokea mama, akasema ndiyo ni wetu, tuvumilieni. Mtendaji akanisindikiza hadi kwenye gari, akanionyesha simu yake ili nirekebishe walau moja, ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Konda akanirudishia nafasi yangu lakini akakataa nisimame karibu na pochi za watu.

Nilifika saa tano na nusu. Wakwe wameshakaa. Hadithi ilikuwa imenitangulia, maana kijana aliyeibiwa saa asiyokuwa nayo, kumbe, ni binamu wa bwana harusi. Baba akanyanyuka, akanishika mkono mbele ya wazee wote, akafungua mkanda wa Omega, akakirudisha kile kidude, akaitikisa, akaisikiliza, akaivaa.

"Aldrin alitembea mwezini na moja," akasema. "Wewe unakuja Tukuyu na sita."

Sikumkumbusha habari za Speedmaster.

Kulipofikiwa mahari, mshenga wa upande wa pili akakohoa. Akasema kwa heshima wamezipokea taratibu zetu zote, ila familia ambayo kaka anavaa saa sita kwa mkupuo haiwezi kulilia ng'ombe mmoja. Wakapunguza mmoja. Wazee wetu walitafuta jibu wakakosa. Baba alinitazama mimi, siyo wao.

Nikauza tatu. Orient ilikwenda vizuri. Citizen ilikwenda pia, ingawa mnunuzi alinusa akauliza mbona kama vitunguu. Seiko ya Kihispania aliichukua yule fundi wa Mwanjelwa, anasema itamchekesha. Nikaongeza hela ya parachichi, nikampelekea baba mtamba wake. Ameshazaa sasa. Baba anamkamua saa kumi na mbili kamili za asubuhi, akiangalia Omega kabla hajashika ndoo, na jina alilompa ni Mie.