Sherlock Holmes Alipoingia kwenye Chama cha Mama

Mimi ni katibu wa chama cha kina mama kumi na wanne, na mimi si mama. Cheo hiki nilipewa kwa sababu mbili. Kwanza najua kutumia kompyuta. Pili, mama yangu ni mwanachama, na hawezi kuvumilia kuona kijana mzima amelala kochini Jumapili mchana. Kwa hiyo kila mwezi naandika kumbukumbu za mkutano, nazipeleka saiba, duka la kompyuta hapa mtaani Umoja, Nairobi, zichapwe, nazigawa, nakunywa chai, narudi kulala.

Balaa lilianza binamu yangu aliponiambukiza ugonjwa wa hadithi za mashabiki. Yeye yuko chuo kikuu na amezisoma miaka mingi. Shabiki anamchukua mhusika wa mwandishi mwingine, anamtungia kisa kipya, halafu anawapa mashabiki wenzake wasome bure. Nilimuuliza mtu anafaidi nini. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa faida ya kupiga miayo.

Nikamchagua Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alifariki 1930, kwa hiyo sikutarajia anijie na wakili. Tena Holmes nilimfahamu tangu sekondari, ingawa kitabu chetu cha maktaba kilikuwa kimenyofolewa kurasa za mwisho na hadi leo kuna wezi kadhaa ambao sijui kama walikamatwa.

Kisa nilikuwa nacho tayari. Chama hukodisha viti, tenti na sufuria za harusi na matanga. Ilikuwa miezi miwili sasa sufuria moja haionekani, ile kubwa ya kupikia pilau ya watu mia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Nikamtoa Holmes kwake Baker Street, London, nikamleta Umoja aitafute.

Mswada wa kwanza nilimpelekea binamu. Kwenye dunia hiyo, msomaji wa kwanza huitwa beta, na kazi yake ni kukuambia makosa kabla hayajafika mbali. Binamu anaipenda kazi hiyo kupita kiasi.

"Watson yuko wapi?" akaanza, akimaanisha yule daktari rafiki wa Holmes.

"Nimemwacha London. Mguu unamsumbua."

"Risasi ya Afghanistan ilimpata begani."

"Kuna mahali imeandikwa mguu."

Akanyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli: Conan Doyle mwenyewe alisahau, kisa kimoja jeraha liko begani, kingine limeshuka mguuni. Hayo ndiyo mabishano pekee niliyomshinda siku hiyo.

"Haya. Na hii 'Ni jambo dogo, Watson mpenzi' umeitoa wapi?"

"Si ndiyo kauli yake?"

"Visa vyote 60 alivyoandika Conan Doyle, hakuna hata kimoja ambamo Holmes anatamka hivyo. Halafu wewe umemwacha Watson London. Anaongea na nani?"

Sikujibu.

"Na mbona Holmes anasema 'maze' kama vijana wa Sheng?"

"Amekaa Umoja wiki mbili."

Akafunua ukurasa. "Huyu Inspekta Jabali ni nani? Mrefu, miaka 26, anajua karate na Kijerumani, anatatua fumbo kabla ya Holmes, na mchana anauza spea Kirinyaga Road. Binamu, wewe unauza spea Kirinyaga Road."

"Ni sadfa."

"Na mamake aliyekufa ukurasa wa kwanza?"

"Ni ili msomaji amhurumie."

"Anafanana na shangazi."

"Ni sadfa."

Ndipo akanisimulia habari za Mary Sue. Mwaka 1973 shabiki mmoja Mmarekani, Paula Smith, alichoshwa na hadithi ambazo mwandishi amejipachika ndani akiwa hana kasoro. Akaandika kejeli fupi kuhusu luteni wa meli ya angani, msichana wa miaka 15 na nusu anayejua kila kitu, anapendwa na kila mtu, na akifa meli nzima inalia. Jina la msichana yule likageuka kuwa jina la ugonjwa wenyewe. "Sasa wewe," binamu akasema, "umemzalia kaka."

Ushauri wake wa mwisho ulikuwa nifute kurasa mbili za mwisho, ambamo Jabali anaeleza kwa urefu kwamba mwizi ni mwenye bucha aliyejificha nyuma ya pazia. Nilikataa kata kata. Nilizipenda kurasa zile kuliko zote.

Jumapili ya mkutano nikaenda saiba na kazi mbili kwenye fleshi: kumbukumbu za chama, kurasa mbili, kopi 14, na kisa changu, kurasa sita, kopi moja ya binamu. Kijana wa saiba alikuwa anatazama mpira. Karatasi ziliisha katikati, akaongeza nyingine, akapiga pini huku shingo imegeukia goli. Aliponitajia bei nilishtuka, lakini siku hizi kila ukiamka kuna kitu kimepanda, nikadhani ni ushuru mpya. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo nilisukuma karatasi zote ndani ya shati na kukimbia. Sikuzitazama.

Kwa mwenyekiti, chai ilikuwa imeshamiminwa. Nikagawa. Nikasoma kumbukumbu za mkutano uliopita hadi mwisho, nikasema asanteni, nikanyoosha mkono kuchukua mandazi.

"Katibu," mwalimu mstaafu akaita, "kuna kurasa nne zaidi."

Nilitazama. Koo likakauka. Kabla sijasema ni makosa, mwalimu alikuwa amevaa miwani na kuanza kusoma kwa ile sauti ya kuamsha darasa la nne baada ya chakula. Mtu mwembamba, mwenye kiko mdomoni, anashuka kwenye matatu pale Umoja. Anaingia kwenye mkutano wa kina mama kumi na wanne. Anakagua vikombe. Ananusa pazia. Anasema "maze".

Nilitaka kumkatiza, lakini chumba kilikuwa kimetulia mno. Mwalimu akafika mwisho wa ukurasa wa nne: "'Mwizi wa sufuria,' akasema Holmes, 'yumo humu ndani, na nikimtazama mikono tu naona—'"

Akageuza karatasi. Hakukuwa na kitu. Kurasa mbili za mwenye bucha zilikuwa zimebaki saiba.

Kila mtu akatazama mikono yake. Mmoja akaificha ndani ya leso. Mwenyekiti akakalia yake.

"Mimi niliiazima," mweka hazina akasema ghafla. "Ilikuwa ni ya arusi ya mdogo wangu. Ningeirudisha."

"Kama ni vile viti," mwingine akadakia, "muulizeni mume wangu."

"Viti gani?" mwenyekiti akauliza, akiwa bado amekaa juu ya mikono.

Kufikia saa kumi na mbili jioni vilikuwa vimerudi sufuria moja, viti vitatu, mwiko wa pilau, na chupa kubwa ya chai ambayo hadi leo hakuna aliyekumbuka kwamba iliwahi kupotea.

Lakini hawakuniachilia. Mwalimu alitaka kujua kama huyo Holmes ni Mzungu, na kama ni Mzungu, Kiswahili hicho cha stendi alifundishwa na nani. Mweka hazina, aliyekuwa ameshapata nguvu, akasema Jabali anajisifu sana na hamwamini. Wote wakanigeukia. Nikatafuna mandazi.

Mama yangu hakuwa amesema neno. Alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari.

"'Mamake Jabali,'" akasoma polepole, "'mwanamke mnene mwenye mwanya, aliyejua kupika chapati laini kuliko wote Umoja, alizikwa siku ya mvua.'" Akainua macho. "Nilizikwa lini?"

Usiku nilipouliza chakula, jibu lilitoka chumbani mlango ukiwa umefungwa: "Maiti hapiki."

Nikampigia binamu. Baada ya kucheka kwa dakika nzima za salio langu, akanieleza kwamba mwaka 1891 Conan Doyle alimwandikia mamake kwamba anafikiria kumuua Holmes, na mama akampinga. Alivumilia hadi 1893, kisha akamtumbukiza kwenye maporomoko ya maji Uswisi. Wasomaji walikasirika sana, na 1903 Holmes akarudi: kumbe hakuanguka.

"Mrudishe shangazi," binamu akasema. "Leo leo."

Nikakaa chini nikaandika. Kumbe jeneza lilikuwa tupu, mama Jabali alikuwa mashambani miezi yote hiyo akivuna mahindi, na sasa ameteremka kwenye basi akiwa na gunia, mnene vilevile, mrembo zaidi. Nikasimama mlangoni nikamsomea yote. Hapakuwa na neno "maze" hata moja.

Kimya. Kisha sauti: "Ameshuka saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama."

"Basi amechoka na safari. Unga uko kabatini."