Jiko la Upanga nimeliona Leicester

Ijumaa iliyopita tulitoka zamu watu sita, tukaenda kula Belgrave Road, ule mtaa wa Leicester, Uingereza, wanaouita Maili ya Dhahabu kwa sababu ya maduka ya vito na sari. Kwenye orodha ya vyakula nikaona "mogo" wa pilipili, pauni saba. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akituhudumia, mogo ndiyo nini? Akanielewesha kwa upole kabisa, kama unavyomwelewesha mgeni: ni kiazi cha Kihindi, bibi yake alikuwa akiwapikia tangu utotoni, ni chakula cha asili ya kwao Gujarat.

Nilijizuia kama nusu dakika. Nikashindwa. Nikamwambia, mdogo wangu, huo ni muhogo. Bibi yako kaukuta kwetu, na jina lake kalichukua kwetu, herufi mbili tu zimedondoka njiani. Coco Beach kule Dar wanakupa na chachandu, na hulipi pauni saba. Kijana akacheka, akasema atamuuliza bibi.

Kilichonivunja nguvu ni mwenzetu mmoja pale mezani, nesi kutoka Kerala, kusini mwa India. Akasema kwao wanauita kappa, unachemshwa, unaliwa na mchuzi wa samaki. Muhogo na samaki! Nilidhani ananisimulia Pangani. Na kwa kweli muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioutembeza dunia, kwa hiyo hapo mezani sote tulikuwa tunagombania mali ya watu wengine. Basi, ya muhogo nimeyaacha. Ila ya huyo bibi sijayaacha, na ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Najua mtakachosema. "Huyu naye miaka tisa tu Uingereza, keshaanza kutufundisha vyakula." Haya, semeni. Lakini mimi ni mtoto wa Dar, na mama yangu alifanya kazi za ndani kwa Wahindi Upanga miaka kumi na moja, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuzungumzia jiko la Kihindi bila kuambiwa anajidai, ni mimi. Au tuseme ni mama, mimi nimekaimu tu.

Kwetu chakula cha Kihindi kilikuwa kile kinachotoka nje. Kachori, bajia, sambusa, chipsi masala, biriani ya harusi. Vya mezani kwao, vile wanavyokula Jumanne usiku wakiwa na kandambili miguuni, tulivijua kwa harufu ya kwenye ngazi. Tulikaa mtaa mmoja, tulinunua maziwa duka moja, tulikatiwa umeme siku moja, na sijawahi kumsikia rafiki yangu hata mmoja akisema jana nilikula kwa kina fulani. Mama aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa kumi jioni, nguo zikinuka uwatu. Hatukuwahi kumuuliza kapika nini. Tulimuuliza kaleta nini.

Sasa njooni Leicester. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kigujarati, mjane, watoto wako Kanada. Namwita Masi, mama mdogo kwa lugha yao. Kazaliwa Mwanza. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa chini, wao wanaishi juu, mpaka Aprili 1971 serikali ilipopitisha sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1973 wakaondoka. (Tafadhali tusianze ya majengo. Kila mtu hapa ana babu yake kwenye hadithi hiyo, aliyehamishwa au aliyehamia.) Wakaja mji ambao mwaka mmoja tu nyuma halmashauri yake ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi waliofukuzwa na Amin wasije huku, umejaa. Leo mji huohuo unajisifia Diwali yake.

Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na simu koridoni. Akafungua mlango, akasema, "Wewe ni mtu wa wapi?" Kiswahili kizima, cha Mwanza, kilichohifadhiwa miaka hamsini kama achari. Hata Kigujarati chake kina vipande vyetu ndani. Akimgombeza binti yake kwenye simu mimi nasikia tu sufuria, kisu, fagio.

Nisiwadanganye kwamba nilialikwa chakula. Niliitwa kubeba. Magoti yake mabovu na mikono haina nguvu tena, hawezi kuinua presha kuka ikiwa imejaa. Kwa hiyo nikaingia jiko la Mhindi kwa mara ya kwanza maishani kwa njia ileile aliyoingilia mama yangu: kwa kuwa kulihitajika mikono. Hilo lilinikaa rohoni kidogo. Tofauti ni kwamba nilipoitua ile presha kuka alisukuma kiti kwa mguu, akasema, "Kaa hapa, beta, tule." Beta, yaani mwanangu.

Aliweka mbele yangu dali. Pakiti imeandikwa tuver, lakini ni mbaazi, jamani, mbaazi zetu za kupaaza, zilezile zilizotulalia Lindi na Mtwara mwaka 2017 India ilipobana kuingiza. Sisi tunaziweka nazi, tunakula na mahamri. Masi anazichemsha mpaka zivurugike, anatia nyanya, tangawizi, manjano, pilipili, ukwaju, karanga, halafu, shikeni roho zenu, sukari guru. Mchuzi wenye sukari! Nilijua kakosea chombo. Kumbe ndivyo Wagujarati wanavyopika: tamu, chachu na kali kwenye kijiko kimoja.

Na kuunga kwao huja mwishoni. Sisi tunaanza na kitunguu na nyanya, ndipo mengine yafuate. Yeye dali ikishaiva ndipo anapasha mafuta kwenye kikaango kidogo kama kikombe, anatupa haradali, inaanza kuruka pa-pa-pa, anafuatisha bizari nyembamba na majani wanayoyaita limdo, kisha chembe ya kitu cha kahawia, na vyote anavimwaga juu ya dali, shwaa! Kitunguu hakuna. Kitunguu saumu hakuna.

Ile chembe ya kahawia iliponifikia puani nilisimama. Mvuje! Bibi yangu Tanga alikuwa akiwafungia watoto wachanga mvuje kwenye kitambaa ili mashetani wapite mbali. Mimi nimekua najua ile ni harufu ya mtoto aliyeshtuka usiku. Masi anaitia kwenye mboga kila siku ya Mungu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa, akasema labda ndiyo maana tangu aje Leicester hajawahi kuona shetani.

Tangu hapo nimefundishwa mengi. Patra, majani ya magimbi yanayopakwa unga wa dengu, yakakunjwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakatwa vipande. Kwetu tulikula magimbi, majani tukayaacha shambani. Undhiyu, ya Surat, mji wa Gujarat, ya msimu wa baridi, ambayo asili yake ni chungu kilichofukiwa motoni kichwa chini, na ndiyo maana ya jina: iliyopinduliwa. Viazi vikuu, viazi vitamu, vibiringani, maharage mabichi na vidonge vya unga na uwatu. Hapa haifukiwi popote, maana ukichimba shimo la moto nyuma ya nyumba majirani watawaita zimamoto.

Siku moja nikawakutanisha Masi na yule nesi wa Kerala. Nesi alileta aviyal, mboga mchanganyiko kwa nazi na mtindi. Mimi nilikula kama niko Tanga. Masi akaonja, akasema kwa Kiswahili ili mwenzie asisikie: "Nazi imekula kila kitu." Nesi naye akaonja dali, akaninong'oneza akiuliza kama ni kitindamlo. Hawa wote kwetu tunawaita Wahindi, na chakula chao chakula cha Kihindi. Mwambie Mhaya ndizi zake ni sawa na mtori wa Wachaga, uone kama utatoka salama.

Hapo ndipo ninapokasirika, na sijui nimkasirikie nani. Yaani ilibidi nipande ndege kwenda nchi ya mvua ili nifunguliwe mlango uliokuwa umbali wa ngazi tatu kutoka kwetu?

"Sasa unawasifia watu waliokuwa wanamtengea mama yako kikombe chake?" Simsifii mtu. Kikombe cha mama kilikaa dirishani peke yake, nakijua, cha bati, kina maua. Na sidhani Masi ana moyo kuliko yule mama wa Upanga. Leicester hana dada wa kazi, basi. Angekuwa naye, mimi ningebaki koridoni na simu yangu. Nasi tusijifanye malaika: hebu niambieni dada wa kazi wa kwenu anakula wapi, na saa ngapi. Nimeuliza tu.

"Makande huyapiki?" Nayapika. Kwa presha kuka. Haya, chekeni.

Ila sikilizeni hii. Nilipomweleza mama kwa WhatsApp habari ya sukari guru, nikidhani namletea jambo jipya, alinyamaza kidogo, akasema, "Umeweka karanga?" Akanishushia pishi zima, kipimo kwa kipimo, na la patra, na la rotli, chapati zao nyembamba unazoweza kuona mkono kwa upande wa pili. Miaka kumi na moja yule mama wa Upanga alikuwa anakaa sebuleni, na aliyekuwa anapika ni mama yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutupikia. Akasema, "Nani angekula mchuzi wa sukari nyumbani kwangu? Halafu nilikuwa nimechoka."

Kwa hiyo yule kijana wa mogo akimuuliza bibi yake, nataka amuulize na swali la pili. Hiyo ladha ya bibi, wajukuu wanayoilipia pauni saba Belgrave Road, ilitoka mkono wa nani? Pengine wake kweli. Pengine wa mwanamke aliyepanda ngazi saa moja asubuhi.

Jumapili nikawaunganisha, mama Dar na Masi jikoni, kwa video. Mama ana miaka sabini na sita, Masi hajafika sabini na tatu. Simu ikashika, na kabla sijasema neno mama akainamisha kichwa: "Shikamoo, mama." Kwa mtu anayempita miaka mitatu na ushee. Nilitamani kuizima. Masi akakodoa macho, akasema hapana, hapana, dada, mimi ndiye mdogo, shikamoo, na mama akawa hajui afanye nini na marahaba yake, akaishikilia.

Kikaango kilikuwa motoni. Mama akasogea karibu na kioo, akakunja uso. "Mwambie apunguze moto. Haradali inaungua."

Masi akapunguza.